Piga Hema Palipokwisha Kukanyagwa

Ng'oa hema lililokaa siku tatu juu ya majani mabichi, kisha chutama uangalie lilipokuwa. Utaona mstatili uliopauka, majani yamelala upande mmoja yamenatana kwa unyevu, na wadudu wakihangaika kutafuta kivuli walichokuwa wamekizoea. Pale mlangoni, ambapo miguu iliingia na kutoka tangu alfajiri hadi usiku, majani hayapo tena. Umebaki udongo ulioshindiliwa hadi unang'aa kama sakafu. Wengi wetu tukiona hivyo hujipa moyo kwamba mvua ikinyesha yataota tena. Tunakunja hema, tunaondoka. Safari ijayo tunatafuta mahali pengine, penye majani mazuri zaidi, pasipo alama ya mtu.

Tabia hiyo ya mwisho ndiyo ninayotaka kuizungumzia, kwa sababu hufanywa na watu wema. Anayetupa chupa porini anajua anakosea. Anayeliacha eneo la kambi lililotengwa na kwenda kujitafutia kipande chake cha nyika anaamini anaitendea hisani hifadhi: anapumzisha mahali palipochoka, anagawa mzigo. Ushahidi unaonyesha anafanya kinyume, na sidhani kama kuna jambo ambalo hifadhi zimeshindwa kulieleza kwa wageni wao kama hili.

Tumezoea kuufikiria uharibifu kama kibaba kinachojazwa haba na haba: kulala siku moja kunadhuru kidogo, kulala siku kumi kunadhuru mara kumi. Ingekuwa hivyo, kutawanyika kungekuwa busara. Lakini David Cole, mtafiti wa Huduma ya Misitu ya Marekani aliyetumia miaka mingi kupima maeneo ya kambi, likiwemo pori la Eagle Cap katika milima ya Oregon, alikuta hesabu nyingine kabisa. Maeneo yaliyolaliwa siku chache tu kwa mwaka yalikuwa tayari yamepoteza sehemu kubwa ya uoto wake. Yaliyolaliwa mara nyingi zaidi yalikuwa na hali mbaya zaidi, ndiyo, lakini tofauti ilikuwa ndogo kuliko mtu angetarajia. Ukiuchora uharibifu kwa kufuata idadi ya siku za kulala, mstari unapanda wima kama ukuta, kisha unapinda na kukaribia kulala. Majaribio mengi ya kukanyaga mimea kwa makusudi na kuhesabu kilichobaki yamerudia kutoa umbo hilohilo.

Sababu yake haina fumbo. Mashina laini na majani mapana huvunjika kwa nyayo za kwanza kabisa. Yakishavunjika, hayapo tena ya kuvunjwa na wanaofuata. Udongo nao una matundu ambamo hewa na maji hupita. Ukikanyagwa, yale matundu makubwa ndiyo hufungwa mapema. Mizizi inakosa hewa, na mvua, badala ya kuzama, inateleza juu ya ardhi na kuondoka na tabaka lenye rutuba. Baada ya hapo udongo umeshakuwa mgumu, na mguu wa mia hauongezi sana juu ya ule wa hamsini. Kuharibu ni kazi ya siku, kupona ni kwa miaka. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, ambako mmea hupata wiki chache tu za kukua katika mwaka mzima, kovu la kambi moja linaweza kuonekana kwa miongo.

Tuchukue mfano wa makundi ishirini kwa msimu mmoja kando ya ziwa moja. Yakilala kwa zamu mahali pamoja palipokwisha chakaa, msimu ukiisha ziwa lina kovu moja, lilelile la mwaka jana. Kila kundi likijitafutia mahali papya, ziwa lina makovu ishirini, na kila moja limeshaupanda ule ukuta. Mwaka unaofuata mgeni anaona mstatili wa majani yaliyolala, anajisemea hapa pamewahi kulaliwa, naye analala. Baadaye mtu anapanga mawe matatu ya meko. Mwingine anavuta gogo la kukalia. Ndivyo ukingo wa ziwa unavyotobolewa viraka, bila hata mmoja kati ya wote hao kuwa na nia mbaya.

Mafunzo ya Leave No Trace, yaani "usiache alama", yaliyokua ndani ya taasisi za ardhi ya umma za Marekani na ambayo tangu mwaka 1994 yana kituo chake, yanalisema jambo hili kwa maagizo matatu. Palipozoeleka, kusanyikeni. Pasipoguswa kabisa, tawanyikeni, na msirudie mahali pamoja. Na pale ambapo uharibifu ndiyo kwanza unaanza kuonekana, ondokeni. Agizo hilo la tatu halitajwi sana, nami naliona kuwa zito kuliko yote, kwa sababu mahali palipokanyagwa nusu ndipo panapotuvutia. Pana alama ya kutosha kutuhakikishia kwamba panafaa, na majani ya kutosha kutufariji kwamba bado ni pori. Hapo ndipo pangepona pakiachwa, na hapo ndipo usiku wetu mmoja una uzito mkubwa.

Kumbe hata kambi yenyewe kama tunavyoijua, yenye barabara ya mzunguko, sehemu ya kuegesha gari kwa kila kituo, meza isiyohama na meko yaliyojengwa, ilizaliwa kutokana na hofu ya nyayo. Miaka ya 1920, magari yalipoanza kuwafikisha watu wengi kwenye misitu ya California, wageni waliegesha popote, kati ya miti, juu ya mizizi. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea, E. P. Meinecke, aliitwa kuchunguza hali ya miti ya redwood. Miti hiyo hupita urefu wa mita 100, lakini mizizi yake haizami sana. Husambaa karibu na uso wa ardhi, na ardhi ile ilikuwa ikishindiliwa na magurudumu na viatu. Mwaka 1932 alitoa mwongozo wake: barabara iende upande mmoja na kuzunguka, kila familia iwe na kichochoro chake cha kuegesha, mawe makubwa na magogo yazuie gari kwenda kwingine, meza na meko vikae mahali pamoja daima ili miguu ifuate njia zilezile. Ukiingia leo kwenye kambi ya umma karibu popote duniani na kukuta mpangilio huo, umeingia ndani ya fikra za mtu aliyekuwa akitetea mizizi.

Nalisisitiza hilo kwa sababu watu huzidharau kambi hizo. Husema zimepangwa mno, hazina upori. Ni kweli kwamba kiwanja cha changarawe hakina mvuto wa ukingo wa mto wenye majani laini. Lakini kile kiwanja ni sadaka: kipande kidogo cha ardhi kilichotolewa ili vipande vingine elfu vibaki vilivyo. Tukikikataa, hatupati pori zaidi. Tunatoa sadaka nyingine, na safari hii tumeichagua sisi wenyewe bila kuuliza.

Hoja hii ina gharama yake, na haitakuwa haki nisipoitaja. Ukiwakusanya watu, unakusanya pia harufu ya chakula. Mahali pamoja panapikwa kila jioni, makombo yanadondoka palepale, maji ya vyombo yanamwagwa palepale, na wanyama hujifunza haraka kuliko tunavyodhani. Kwenye kambi moja niliwahi kutazama tumbili aliyekuwa ametulia juu ya mti, hageuki kwa sauti za watu wala kwa mlango wa gari. Zipu ya hema ilipofunguliwa, aligeuka papo hapo na kuanza kushuka. Sauti ile ndogo ilikuwa imeshakuwa kengele ya mlo. Hakuzaliwa akiijua; amefundishwa, na walimu wake ni wageni wa usiku mmoja mmoja ambao kila mmoja alidhani kipande kimoja hakina neno.

Masomo ya namna hiyo yamelipiwa kwa damu. Yellowstone, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1872 na kuwa kielelezo cha nyingine nyingi, kwa miongo kadhaa ilikuwa na majalala ambako dubu walikula taka mbele ya watazamaji waliokaa kwenye mabenchi kama uwanjani. Katika hifadhi ya Glacier, jimbo la Montana, wageni wa nyumba moja ya kulala milimani walikuwa wakitoka jioni kuwatazama dubu wakila mabaki yaliyomwagwa nje. Usiku wa kuamkia Agosti 13, 1967, dubu wawili tofauti wa kahawia waliwaua wasichana wawili waliokuwa wamelala kwenye kambi mbili zilizo mbali moja na nyingine, moja ikiwa karibu na nyumba hiyo. Tangu hifadhi ianzishwe mwaka 1910, dubu wa aina hiyo hakuwa ameua mtu ndani yake. Baada ya hapo ndipo hifadhi za Marekani zilipoanza kulichukulia suala la taka na chakula kama suala la uhai, na majalala ya Yellowstone yakafungwa. Dubu waliozoea kulishwa hawakuelezwa kwamba sera imebadilika. Wengi waliendelea kuja kambini, na wengi waliuawa.

Yosemite, hifadhi ya California, inatoa habari njema zaidi. Mwaka 1998 yalirekodiwa matukio zaidi ya 1,500 ya dubu kusababisha hasara, mengi yakiwa ya kung'oa milango na vioo vya magari ili kufikia chakula kilichoachwa ndani. Hifadhi iliweka makasha ya chuma katika kila kituo cha kambi, ikawalazimisha watembeao milimani kubeba makopo magumu yasiyofunguliwa na dubu, na ikawapa askari wake kazi ya kupita usiku kukagua. Matukio yalishuka kwa zaidi ya asilimia 90. Dubu hawakupungua akili. Chakula ndicho kilichofungiwa. Kwangu huo ni ushahidi kwamba kukusanya watu kunawezekana bila kuwaharibu wanyama, mradi kasha liwepo, lifungike, na kuwe na mtu wa kuhakikisha limefungwa. Hifadhi inayotenga kambi bila kuweka kasha wala pipa lisilofunguliwa na mnyama imefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo ni hatari kuliko kutofanya kitu.

Kanuni nyingine huonekana za ajabu mpaka ujue chanzo chake. Katika hifadhi ya Mana Pools, Zimbabwe, mgeni haruhusiwi kuingia na machungwa wala matunda mengine ya jamii yake. Tembo wa Afrika ana karibu jeni 2,000 za kunusa, zaidi kuliko mnyama mwingine yeyote aliyekwisha pimwa, na tembo aliyeonja chungwa hasahau; atalifuata ndani ya hema au gari. Anayeficha machungwa mawili chini ya kiti anamwekea mtego tembo, kwa sababu tembo anayepasua magari mwishowe hupigwa risasi. Kwenye kisiwa cha K'gari, Australia, dingo, mbwa mwitu wa huko, walimuua mtoto wa miaka 9 mwaka 2001. Leo baadhi ya kambi zake zina uzio, na kumlisha dingo ni kosa lenye faini. Uzio ule haukuletwa na ukali wa dingo peke yake. Uliletwa na mikono iliyowarushia vipande vya chakula kwa miaka.

Kambi nyingi za Serengeti, kwa upande mwingine, hazina uzio hata kidogo. Fisi hupita kati ya mahema, simba husikika karibu, na watu wengi sana hulala humo salama kwa kutii mambo machache: chakula kisilale hemani, zipu ifungwe, na usiku mtu asitoke ovyo. Kinachomlinda mgeni pale ni kwamba kwa mnyama hema ni kitu kisicho na faida. Halina harufu ya mlo. Siku litakapoanza kuwa na faida, ulinzi huo umekwisha, na umekwisha kwa wote watakaolala hapo baadaye.

Umbali na maji pia hauzingatiwi inavyostahili. Ushauri wa kawaida ni kuweka hema angalau mita 60 kutoka mto au ziwa. Wengi hudhani ni kwa ajili ya usafi wa maji, na ni kweli kwa sehemu: choo cha kuchimba, pale pasipo na choo kilichojengwa, kinatakiwa kuwa na kina cha sentimita 15 hadi 20 na kiwe mbali vivyo hivyo, na sabuni isimwagwe mtoni hata kama imeandikwa ni ya asili. Lakini kuna sababu nyingine iliyo kubwa vilevile. Wanyama wengi hunywa usiku au alfajiri, na hufuata njia zilezile kushuka majini. Hema likisimama kwenye njia hiyo, swala au nyati hatatoa malalamiko. Atasimama gizani, atanusa, atarudi na kiu. Sisi tutaamka na kusema usiku ulikuwa mtulivu.

Kuhusu moto nitasema kidogo. Meko yawe yale yaliyojengwa tayari. Kuni zisiokotwe mahali ambapo mti uliooza ndio nyumba ya viumbe wengi wa msitu, wala zisisafirishwe kutoka mbali. Mdudu wa kijani atoboaye miti ya jamii ya ash aligunduliwa Michigan mwaka 2002, na amesambaa kwa kasi kubwa katika Amerika Kaskazini akiwa amejificha ndani ya kuni za wapiga kambi, akiacha nyuma yake mamilioni mengi ya miti iliyokufa. Mzigo wa kuni kwenye buti la gari ulitosha.

Kuna watakaoniuliza kuhusu nchi ambazo mtu ana haki ya kulala popote. Norway ina sheria ya mwaka 1957 inayomruhusu yeyote kupiga hema kwenye ardhi isiyolimwa, mradi awe mita 150 kutoka nyumba inayokaliwa na asizidi siku mbili bila ruhusa. Mei 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilithibitisha kwamba umma una haki ya kulala kwa hema kwenye ardhi ya wazi ya Dartmoor. Sizipingi haki hizo, nazipenda. Zinafanya kazi pale ambapo ardhi ni kubwa, watu ni wachache, na wanaolala wamefundishwa tangu utotoni kuhama hema na kutoacha kitu. Ndilo lile agizo la pili: pasipoguswa, tawanyikeni. Lakini Scotland, iliyotoa haki pana kwa sheria ya mwaka 2003, ililazimika kuiwekea mipaka kando ya maziwa ya Loch Lomond na Trossachs. Tangu Machi 2017, kuanzia Machi hadi Septemba, kulala kwenye sehemu za ukingo zilizoainishwa kunahitaji kibali au eneo lililotengwa. Uhuru haukuwa tatizo. Ukingo ule uko karibu na barabara na miji, na hakuna ardhi inayostahimili kuwa "mahali pasipo mtu" pa maelfu ya watu.

Vibali na nafasi za kuhesabiwa haviepukiki, basi, na hapo ndipo hasira ya watu inapoanza. Naielewa. Nafasi zikiwa chache na zikikatwa mtandaoni miezi mingi kabla, anayezipata ni mwenye ratiba anayoimiliki, intaneti ya kasi na fedha za kulipa mapema. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montana walipolinganisha vituo vinavyokatwa mapema na vile vya anayewahi ndiye apate, ndani ya hifadhi zilezile za taifa za Marekani, walikuta kwamba wanaokata mapema kwa kawaida hutoka sehemu zenye kipato kikubwa zaidi. Hilo ni kosa la namna ya kugawa nafasi. Linarekebishika: sehemu ya vituo ibaki kwa wanaofika siku hiyohiyo, nyingine igawiwe kwa bahati nasibu, na anayekata nafasi asitokee bila kughairi apoteze haki ya kukata kwa msimu huo. Kituo kilichokatwa kikakaa kitupu huku familia ikirudishwa langoni ni dhuluma ambayo hifadhi yoyote ikiamua inaweza kuikomesha.

Kisichorekebishika kirahisi ni lile jibu ambalo wasimamizi hulikimbilia kambi ikijaa, yaani kufungua uwanja wa ziada kule kwenye majani, kwa sikukuu moja tu. Kwa hesabu ya Cole, sikukuu moja tu inatosha. Ni afadhali kubana zaidi mahema ndani ya kambi ya zamani, au kupunguza ukubwa wa makundi kama wanavyofanya kwenye pori la maziwa la Boundary Waters, Minnesota, ambako kundi halizidi watu 9 na kila kituo kina meko yake ya chuma na choo chake.

Msimu uliopita nilipita njia ya ukingoni nikakuta mahali pazuri kuliko pote nilipopaona safari ile. Majani yalikuwa yamelala kidogo, na mawe matatu yalikuwa na masizi upande wa ndani. Bila shaka mtu alilala hapo mara moja, pengine mbili. Niliyachukua mawe, nikayatawanya, masizi yakitazama chini, nikainua kwa fimbo majani yaliyokuwa yamelala, nikarudi kambini. Kituo changu kilikuwa cha changarawe, hatua arobaini kutoka chooni, na jirani yangu alikohoa hadi usiku wa manane.